Mraba Usio na Mstari

Ijumaa asubuhi, kabla cherehani za Visiga hazijaanza kelele zake, Efrazia alimwaga vizibo vya soda juu ya meza ya kukatia nguo, akamwambia mtoto wa miaka tisa ajenge familia yake.

"Kila mtu ni kizibo kimoja," alisema. "Aliye karibu na wewe, mweke karibu. Aliye mbali, mweke mbali. Ukimaliza, chukua uzi uwaunganishe."

"Na waliokufa?" mtoto aliuliza.

"Nao wamo. Walaze kifudifudi."

Mtoto huyo, Agape, alivuta kiti. Alikuwa na pengo la jino la mbele, na alikuwa akimjibu mtu mzima kama anayemsaidia kazi. Kizibo cha njano kilikuwa yeye mwenyewe. Viwili vyekundu vilivyokigusa huku na huku walikuwa mama Monica na baba Deus, walezi wake wa kambo. Cheusi kilicholazwa kifudifudi alikuwa bibi yake. Kisha akachukua kimoja cha kijani, akanyoosha mkono mpaka ukingoni mwa meza, akakiweka pale ambapo mtu akipiga chafya kingeanguka. Akakata uzi mrefu, akakiunganisha na kile cha njano.

Nyuma yao Monica, mwenye meza na mwenye cherehani, aliacha kupiga pasi.

"Huyu nani?" Efrazia aliuliza.

"Anayeleta korosho."

"Unamjua?"

"Simjui. Yeye ndiye ananijua."

"Umejuaje kwamba anakujua?"

"Mara nyingine korosho zinakuja na kikapu. Cha kwanza mkanda wake ulinitosha hapa," Agape alisema, akigusa bega. "Nikarefuka, kilichofuata kikaja na mkanda mrefu. Mtu wa sokoni hawezi kujua kwamba nimerefuka."

"Watoto na ndoto zao," Monica alisema, akarudisha pasi kwenye nguo. "Ni vya sokoni, dada wa ustawi. Nanunua mwenyewe."

Efrazia alikuwa afisa ustawi wa jamii, mwaka wa pili kazini. Chuoni walimfundisha kuchora jenogramu. Yeye aliiita mchoro wa ukoo, kwa sababu hakuwahi kukutana na shahidi aliyekataa kuzungumzia ukoo. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mstari mzima ni damu au ndoa, mstari wa nukta ni malezi. Aliyefariki hupigwa msalaba. Mchoro mmoja mzuri, mwalimu wake alikuwa akisema, huuliza maswali ambayo mpelelezi amesahau kuuliza.

Na mchoro huu ulikuwa na haraka. Monica na Deus walikuwa wamemlea Agape miaka mitatu, na sasa walikuwa wameomba kumwasili awe mtoto wao kisheria. Jumatatu saa tatu asubuhi mahakama ya watoto ingesikiliza ombi hilo. Jalada lilikuwa jepesi: wazazi wamefariki, bibi aliyemlea, Benedikta wa Kibuta, amefariki, na chini kabisa, "Mtoto hana ndugu." Lingekwisha bila tatizo kama mwalimu wa darasa asingepiga simu kuuliza ni nani anayemtumia mtoto vikapu siku za Alhamisi. Kama ndugu yupo na amefichwa, ombi lingeweza kukataliwa, na mtoto akaondolewa mikononi mwa Monica.

"Naomba kuviona hivyo vikapu," Efrazia alisema.

Agape alileta vitatu, na cha nne kilichochakaa ambacho alikuja nacho kutoka kwa bibi yake. Vyote vilikuwa vya ukili wa mkindu. Efrazia alivipanga dirishani, akavitazama midomo. Kwenye kila kimoja, unyuzi mmoja mwekundu ulipanda mdomoni, ukajikunja, ukarudi chini. Hata kile kilichochakaa.

"Sokoni wanauza na mkunjo huu?"

"Kikapu ni kikapu," Monica alisema.

Efrazia alikunja karatasi yake, akashukuru kwa chai, akatoka.

Nje alikuwa akimsubiri Ipyana, mwenzake wa ofisini, Mnyakyusa mrefu aliyekuwa akiendesha pikipiki ya kazi kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Alipoelezwa habari, alikuwa na jibu tayari.

"Ni Deus. Mwanamume akianza kuleta vitu vya siri nyumbani, ana nyumba ya pili. Huko ndiko vinakosukwa vikapu."

"Wewe umeoa lini?"

"Sijaoa. Ndiyo maana nayaona mambo vizuri."

Wakamfuata Deus huko Mbwawa. Walimkuta juu ya paa la nyumba mpya, misumari mitatu mdomoni, nyundo mkononi.

"Shikamoo, baba Agape," Efrazia aliita kutoka chini.

Misumari ikatoka. "Marahaba. Mtoto ana nini?"

"Hana neno, mzima. Alhamisi huwa uko wapi?"

"Hapa hapa juu. Niulizie hata kwa jua."

"Na zile korosho za nyumbani, unazinunua wapi?"

"Mimi? Nazikuta mezani. Monica anasema kamnunulia mtoto sokoni." Deus alikaa juu ya boriti. "Kwani si za sokoni?"

"Ndilo tunalouliza."

Akafikiri, akisugua kiganja kwenye suruali. "Dada, yule mtoto akikohoa usiku, mke wangu anakuwa ameshakaa kitandani kikohozi hakijaisha. Ukimuuliza, muulize polepole."

Ipyana aliwasha pikipiki bila kumtazama mwenzake. "Sawa, hana nyumba ya pili," alisema walipofika barabarani. "Ila nusura."

Waliporudi Visiga, Agape alikuwa ameshakwenda shule. Monica alikuwa ameketi mbele ya cherehani isiyo na nguo.

"Mumeo hajui," Efrazia alisema, akaketi kwenye kigoda chini yake.

"Hajui."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi wa pili. Miezi minane sasa. Dereva wa gari la abiria, ile Noah ya Maneromango, ananiachia pale dukani, Alhamisi moja anakuja, moja anaruka."

"Nani anampa?"

"Amekatazwa kusema."

"Na wewe hukumbana?"

"Ningembana angeniambia." Monica alilainisha kitambaa ambacho hakikuwepo. "Nilitaka Jumatatu ipite kwanza."

"Nitalazimika kuliandika hilo."

"Liandike. Andika na kwamba korosho zote kala yeye. Sijamnyima hata moja."

Efrazia aliandika yote mawili. Kwenye mchoro wake akaweka duara moja ukingoni, kwani ukili kwa kawaida husukwa na wanawake, bila jina, na kutoka kwa Monica hadi kwenye duara hilo akapiga wino mwekundu wa vinukta. Alama ya kumficha mtu hakufundishwa chuoni. Aliibuni pale pale.

Mchana, ofisini, alifungua tena jalada. Safari hii hakusoma. Alichora. Kila jina lililokuwa ndani ya jalada alilipa umbo, na kila umbo akalitafutia mstari. Benedikta, duara, msalaba. Binti yake, mama wa Agape, duara, msalaba. Baba, mraba, msalaba. Alipofika kwa shahidi pekee wa Kibuta, Kitwana, mkulima, miaka sabini na moja, kalamu ilisimama. Alimchorea mraba. Kisha akatafuta mahali pa kuufunga, akakosa. Pale palipoandikwa "Uhusiano na marehemu" palikuwa peupe.

Chini ya pale peupe shahidi alinukuliwa hivi: "Marehemu hakuacha ndugu. Wote walikwisha kabla yake."

"Ipyana, hii hati ya nani?"

Ipyana alikuja na chapati mkononi. "Yangu. Wiki yangu ya kwanza kazini. Tuliitwa siku ya mazishi kumchukua mtoto, hakuna wa kubaki naye."

"Kitwana ni nani wa Benedikta?"

"Msemaji wa familia."

"Nani kakwambia?"

Ipyana alitafuna taratibu. "Hakuna. Ila akizungumza, wote wanampisha. Hata jeneza lilisimama mpaka aseme lipite. Na alikuwa amejifunga kanga ya marehemu, amebeba na sufuria ya marehemu kichwani. Nikajua huyu ni wa ndani kabisa."

"Sufuria kichwani. Hukushangaa?"

"Kila mahali na mila zake. Ningemuuliza mzee wa watu habari ya sufuria?"

"Ninyi kwenu mnazika vipi?"

"Kwa nyimbo. Kwaya mbili au tatu, mpaka udongo unakauka."

"Na hakuna anayecheka?"

"Acheke nini msibani?"

Efrazia akakunja karatasi. "Mtu akisema habari za familia, mpe mstari. Asiye na mstari usimwamini na usimkatae. Mfuate. Kesho tunakwenda Kibuta."

Jumamosi walishika njia ya Mlandizi, wakapita Mzenga, wakatokea Maneromango wakiwa wekundu kwa vumbi hadi kope. Kibuta hawakuuliza sana. Mzee Kitwana alikuwa chini ya mikorosho yake, ameinama akiokota zilizoanguka, na alinyanyuka kwa vipande, kiuno kwanza.

"Shikamoo, babu," wakasema pamoja.

"Marahaba. Ninyi wa serikali au wa dini? Kama ni wa dini, nimeokoka jana."

"Wa serikali," Efrazia alisema. "Babu, nina swali moja tu. Marehemu Bi Benedikta alikuwa nani wako?"

"Adui yangu."

Ipyana alitoa daftari. Efrazia aliushika mkono wake, akaushusha.

"Adui wa namna gani, babu?"

"Wa ukoo. Ukoo wao na wetu ni watani tangu babu wa babu. Akifa wa kwao, kazi naifanya mimi. Ningekufa mimi, wangekuja wao kunichezea maiti. Siku ile nilifanya kazi nzuri. Nilijifunga kanga yake, nikatembea kama yeye, nikabeba sufuria lake, nikalala mbele ya jeneza mpaka wakanipa jogoo."

"Ulisema nini juu ya ndugu zake?"

"Ya kawaida ya msibani. Kwamba mchoyo yule hana ndugu, ndugu wote aliwamaliza kwa upishi wake, na mimi nimesalimika kwa sababu sikuwahi kula kwake. Watu walivunjika mbavu."

"Mimi nilikuwepo," Ipyana alisema kwa sauti ndogo. "Wewe hukucheka hata kidogo."

"Mtani akicheka mwenyewe, kazi imeharibika." Mzee alimsogelea, akamkazia macho. "Ah. Wewe ndiye kijana wa tai. Watu wanakufa kwa kicheko, wewe umeinamia karatasi. Ukaniuliza, eti marehemu ana ndugu? Nikasema moyoni, huyu naye mtani wa wapi, mbona anajua kunichokoza hivi? Nikakujibu kwa moyo wote."

"Nikaandika," Ipyana alisema.

"Ukaandika?"

"Ule upishi niliuacha. Niliona ni kukosa heshima. Nikaandika kwamba wote walikwisha."

Efrazia alimpa mzee ile karatasi. Kitwana aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, akarudia. Aliporudisha, uso wa utani ulikuwa umeondoka.

"Mtoto walimchukua kwa maneno haya?"

"Kwa hayo."

"Lakini Mwamini yupo. Mdogo wake Benedikta, baba mmoja, mama mmoja. Kila mtu hapa anajua kwamba yupo. Nilitania jambo ambalo kila mtu anajua. Utani si ndiyo huo?"

"Kila mtu wa hapa," Efrazia alisema. "Jalada halitoki hapa. Kwa nini jina lake halikuonekana popote?"

"Ataonekanaje? Benedikta ni jina la ubatizo, alilipata alipoolewa Maneromango. Mwamini alibaki na dini ya baba yao. Ukisoma majina, utadhani hawajawahi hata kusalimiana. Wamenyonya titi moja wale."

Akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na kuku mweupe kwapani. "Twendeni. Mtani akiharibu, hulipa."

Bi Mwamini alikuwa barazani, miguu ameinyoosha, ukili ukirefuka kutoka vidoleni mwake. Efrazia alisimama kabla ya kufika, akatazama. Unyuzi mwekundu ulipanda, ukajikunja, ukarudi chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alitazama mkoba wa kazi, kisha pikipiki. "Mmekuja kunikataza."

"Kukukataza nini?"

"Vikapu."

"Tumekuja kuuliza tu. Siku ya mazishi ya dada yako ulikuwa wapi?"

"Lindi, kwa binti yangu, alikuwa kajifungua. Mvua ikakata barabara. Nilifika siku ya sita, mtoto hayupo. Nikaenda kuuliza, nikaonyeshwa karatasi, mtoto hana ndugu. Nikasema ndugu ni mimi hapa. Wakasema lete ushahidi. Nikawaambia tazameni pua yangu, kisha mkatazame ya mtoto." Akavuta unyuzi. "Wakasema pua si cheti."

"Hukurudi tena?"

"Karatasi ikishasema huna, ukija kusema unaye, unaonekana mwizi wa watoto. Nilirudi mara mbili. Ya tatu niliona aibu."

"Visiga ulimpataje?"

"Dereva wa Noah ni wa hapa hapa. Alimwona mtoto barabarani na kikapu cha dada yangu begani. Nikamwambia, kila ukipita, mpime kwa jicho, kichwa kinafika wapi kwenye mlango wa gari. Ndivyo nilivyokata mikanda."

"Na kwa nini ulimkataza kukutaja?"

"Niliogopa yule mama angemhamisha mtoto."

"Yeye aliogopa ungemchukua."

Bi Mwamini aliweka ukili chini. Inaonekana hilo hakuwahi kulifikiria. "Basi tumeogopana bure," alisema.

Ipyana alikuwa ameshapiga goti. "Bibi, neno lile kwenye karatasi niliandika mimi."

"Na mimi ndiye niliyelisema," Kitwana alisema nyuma yake, akimwinua kuku.

Bi Mwamini akawatazama wote wawili kwa zamu, kama mtu anayechagua viazi. "Makosa mawili, kuku mmoja? Kijana, wa kwako yuko wapi?"

Ikabidi Ipyana azunguke nyumba hadi nyumba, akiwa na kofia ya pikipiki mkononi, akitafuta kuku wa kununua, na kila nyumba ikataka kwanza kusikia sababu. Alirudi na tetea mdogo na masikio mekundu. Kicheko kilimfuata mpaka barazani.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa utaratibu. Walihitaji mashahidi watatu na kumbukumbu moja. Kumbukumbu waliipata kanisani Maneromango: kwenye kitabu cha ubatizo yalikuwepo majina ya baba na mama wa Benedikta, yale yale ambayo Bi Mwamini alikuwa ameyataja kabla ya kitabu kufunguliwa. Mashahidi aliwahoji Ipyana mwenyewe, na kila mmoja alimuuliza, kabla salamu haijapoa, wewe ni nani wake? Kikongwe mmoja akajibu, "Mke mwenzake." Ipyana akafunga kalamu, akakunja mikono, akasubiri. Kikongwe akachoka yeye. "Ah, jirani tu," akasema. Ipyana akafungua kalamu.

Kabla hawajaondoka, Efrazia alimuuliza Bi Mwamini swali lililobaki.

"Jumatatu mahakama inaamua kama wale walezi wamwasili mtoto. Wewe ni ndugu. Una haki ya kupinga. Unataka nini, bibi?"

"Nataka niulizwe."

"Uulizwe nini?"

"Chochote. Miaka mitatu sijaulizwa kitu."

Jumapili Efrazia alimngoja Monica nje ya kanisa, Misa ya kwanza ilipotoka. Deus alikuwa akizungumza na wanakwaya, Agape akikimbizana na wenzake kwenye ngazi. Monica alimwona afisa kutoka mbali, na alipofika alikuwa ameshajua.

"Yupo," alisema.

"Yupo. Mdogo wake bibi yake."

"Anamtaka?"

"Anataka aulizwe."

"Na wewe kesho utasema?"

"Nitasema yote. Kwamba yupo, na kwamba ulimficha. Na mengine yote niliyoyaona nyumbani kwako nayo nitayasema."

Monica alisimama akiwatazama watoto kwenye ngazi. Mmoja alianguka, akainuka. Akageuka.

"Deus, tafuta gari."

"La kwenda wapi?"

"Kibuta. Njiani nitakueleza jambo, na utanikasirikia, lakini utanikasirikia ukiwa unakwenda."

"Leo leo?"

"Kesho tutakuwa mbele ya hakimu. Sitaki kumwona yule mama kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu."

Njiani alimweleza. Deus alikasirika kutoka Mlandizi mpaka Mzenga, akanyamaza mpaka Maneromango, na walipokaribia Kibuta aliuliza kama wamebeba chochote cha kupeleka. Walikuwa hawajabeba. Gari likasimama wakanunua sukari, mchele na sabuni, na Efrazia, aliyekuwa nyuma kwenye pikipiki pamoja na Ipyana, akaona kwamba aliyechagua sabuni alikuwa Deus.

Bi Mwamini alisikia gari, akatoka, akasimama chini ya upenu. Monica alishuka wa kwanza, akatembea moja kwa moja mpaka mbele yake kama anayekwenda kupigwa.

"Mimi ndiye Monica. Mimi ndiye niliyepokea vikapu, nikanyamaza."

"Miezi minane," Bi Mwamini alisema.

"Minane."

"Ulikuwa unampa korosho?"

"Zote."

"Mimi ningekuwa wewe, ningeficha mwaka mzima. Na korosho ningekula mwenyewe."

Deus alicheka kabla ya kujizuia. Agape alikuwa ameshuka, ameshikilia sketi ya Monica kwa nyuma, na uso wake ulitokeza upande mmoja. Alimtazama yule mama mwenye kanga ya bluu, akatazama pua yake, akajigusa ya kwake. Bi Mwamini hakumwita. Alibaki pale pale chini ya upenu, mikono yake imetulia.

Efrazia alitoa karatasi, kwa kuwa ilimpasa. "Bibi, nilikwambia jana, nakwambia tena mbele yao. Una haki ya kupinga. Unapinga?"

Monica aliinamisha kichwa.

"Huyu mtoto anajua kusoma?" Bi Mwamini aliuliza.

"Wa tatu darasani," Deus alisema.

"Anaumwa mara kwa mara?"

"Malaria mara moja," Monica alisema. "Mwaka juzi. Siku nne. Nilihesabu pumzi zake."

"Likizo ana wiki ngapi?"

"Mwezi wa kumi na mbili ana wiki nne na kitu."

"Atakuja hapa likizo?"

"Atakuja," Monica alisema. "Na asipokuja, uje wewe umfuate, mimi nitafungua mlango."

Bi Mwamini alimtazama mtoto. "Sipingi," alisema. "Ila sitaki karatasi iseme kwa niaba yangu tena. Nitapanda gari lenu leo, kesho nisimame pale, hakimu aniulize, nijibu kwa mdomo wangu watu wakisikia. Mwandike hivyo."

Efrazia aliandika. Ipyana, bila kuambiwa, alisogeza kofia yake ya pikipiki na kumpisha kiti mzee Kitwana, aliyekuwa amefika kusikiliza.

Agape sasa alikuwa ametoka nyuma ya sketi. Alisogea hatua mbili, akasimama.

"Nikuite nani?"

"Bibi yako alikuwa dada yangu. Mimi pia bibi yako."

Mtoto alifikiri, akageuka kumwangalia mlezi wake kwa mshangao wa kweli. "Mama, hujamwamkia bibi."

Ilikuwa kweli. Monica alikuwa ameshuka na maungamo yake mkononi na kusahau lililo la kwanza kabisa. Akashika magoti, akainama pale juani.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwamini kwanza alishuka kutoka chini ya upenu, akamshika kiwiko, akamnyanyua.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ingia ndani, jua kali."